Fungua Daftari Kutoka Nyuma

Ukiingia nyumbani kwa watu kumfundisha mtoto wao, usianze na kitabu. Omba daftari lake, ligeuze, ulifungue kutoka nyuma. Kurasa za mbele huandikiwa mwalimu wa shule: tarehe imepigiwa mstari, kichwa kimekolezwa wino mwekundu, hesabu zimenakiliwa kutoka ubaoni hata zile ambazo mwenyewe hakuzielewa. Nyuma ndiko mtoto anakoishi. Huko nimekuta michoro ya magari, majina ya wasichana yaliyofutwa na kuandikwa tena, barua ambazo hazikutumwa. Katika daftari la fizikia la mvulana mmoja wa Rangwe nilikuta sentensi moja imerudiwa ukurasa mzima: sielewi na naogopa kuuliza. Mama yake alikuwa ameniambia kijana ni mvivu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii ya kufundisha mwanafunzi mmoja mmoja majumbani. Najua mko wengi siku hizi. Mmemaliza chuo, ajira haijafika, na jirani amekuomba umsaidie mwanawe likizo hii. Mimi niliifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, kuanzia Migori mjini hadi Rangwe na Ndhiwa, nikaiacha mwaka jana macho yalipoanza kunikatalia maandishi madogo ya chini ya ramani. Sina cheti cha ualimu. Hata cha Kidato cha Nne sina. Nalisema hilo mapema kwa sababu kulikuwa na wakati ambapo sikulisema mapema, na aliyeumia si mimi.

Wazazi wetu walifuatana ndani ya mwaka mmoja, nikiwa Kidato cha Pili. Mimi ndimi mkubwa. Nyuma yangu alikuwa Okoth, na nyuma yake Achieng, ambaye alikuwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Baada ya mazishi wajomba walikaa uani wakatugawa: Okoth aende kwa huyu, Achieng aende kwa yule. Nikatoka jikoni nikasema hakuna anayekwenda popote. Watu husimulia kisa hicho kana kwamba nilikuwa jasiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshapika ugali wa watu watatu na sikujua ningeufanyia nini ikiwa wangeondoka. Sare yangu ya shule nikaikata, nikamshonea Achieng sketi.

Nikawa nauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Jioni, kabla jua halijazama, nilimkalisha Okoth kwenye kigoda nikamwambia anifundishe alichofundishwa siku hiyo. Sikuwa na mbinu yoyote kichwani. Nilikuwa na wivu tu. Nilitaka kujua darasa lilikuwa limefika wapi bila mimi.

"Nikueleze kama mtu mkubwa au kama mjinga?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Kama mjinga."

"Hiyo ni rahisi."

Lakini haikuwa rahisi. Alipofika mahali ambapo hakuelewa, maneno yalimwisha, nami nikazidi kumuuliza, na kwa kuwa aliona aibu kushindwa na dada yake muuza omena, kesho yake alimfuata mwalimu ofisini akaulize. Hivyo ndivyo alivyopita. Na hivyo ndivyo mimi nilivyomaliza sekondari: kwa mdomo wa Okoth, kisha tena kwa mdomo wa Achieng likizo zake, mara mbili, bila kukaa darasani na bila mtihani. Vitabu vyao nilivihifadhi kwenye sanduku la bati la marehemu mama, kila kimoja nimekifunika kwa gazeti.

Kwa Kijaluo mwalimu ni japuonj. Mwanafunzi ni japuonjre, yaani yule anayejifundisha mwenyewe. Kinachowatenganisha ni silabi moja mkiani. Wanawake wa sokoni waliponiona na kitabu cha kemia kando ya beseni la omena waliniita Japuonjre, wakacheka, kwa sababu nilikuwa mtu mzima na wenzangu wote walishaolewa. Niliitikia. Jina lilikuwa la kweli.

Okoth alipomaliza shule na Achieng akaingia shule ya bweni, nilikwenda Migori kufanya kazi za nyumbani kwa Mama Zuhura. Alikuwa Mwislamu kutoka Pwani, mumewe ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Siku moja alirudi akakuta vyombo vimejaa kwenye karai na mimi nimeketi mezani na binti yake Zuhura, mimi nauliza, mtoto anaeleza. Alisimama mlangoni akavitazama vyombo. Nilijua nimefukuzwa. Akasema, "Kuanzia kesho vyombo ataosha mwingine. Lakini Kiswahili chako, mwanangu, nacho tukioshe."

Kilihitaji kuoshwa kweli. Sisi Wajaluo sauti ya sh haimo katika lugha yetu, kwa hiyo inatukimbia. Nilimwambia Mama Zuhura kwamba nilisuka kwenye gari pale stendi, akaniuliza, "Ulisuka nini humo, mkeka?" Kisha ukishachekwa unaogopa, unaanza kuitia sh kila mahali. Nimesahihisha insha zenye shamaki, shukari na msichana aliyependa kushoma vitabu. Mama Zuhura alinifundisha kwa kuweka kidole mdomoni: toa sh kama unayemnyamazisha mtoto mchanga. Ukipata mwanafunzi wa huku kwetu, mpe gazeti na kalamu, azungushie kila sh kwenye ukurasa mmoja kabla ya somo. Baada ya wiki mbili jicho litaufundisha ulimi.

Jambo la pili alilonifundisha mama yule nililishika kwa miaka mingi, kisha nikaliacha mara moja tu. Alisema, "Usijifanye kujua. Mtoto ana pua."

Mengine niliyapata njiani. Keti ubavuni mwa mwanafunzi, usimkabili. Ukimkabili unakuwa polisi. Kalamu ishikwe na yeye. Ukiona mkono wako unaandika, jua umeanza kujifundisha wewe. Hesabu iwe kwanza, kichwa kikiwa kibichi. Historia inaweza kusubiri hadi baada ya chai. Na kwa kuwa wewe unafundisha masomo yote, utaona kitu ambacho walimu wa shule hawakioni, kwa sababu kila mmoja wao ana somo lake. Mwalimu wa fizikia atasema mtoto hajui fizikia. Nilipewa kijana wa aina hiyo, akisoma kwa Kiingereza kwamba gari lilikwenda kwa mwendo wa yunifomu. Yunifomu aliyoijua yeye ni ya shule. Alikuwa ameandika kwa makini kwamba gari hilo lilibeba wanafunzi, kwa hivyo dereva hakuruhusiwa kukimbia. Hakuwa na shida ya fizikia hata kidogo. Tulicheka, tukarekebisha neno moja, kwamba hapo maana yake ni mwendo usiobadilika, na muhula uliofuata alipanda.

Sasa niwaeleze kuhusu Sharon.

Nilimkuta kwa bibi yake, upande wa Ndhiwa, nyumba ya mabati iliyozungukwa na miwa. Bibi alimwita Saron, na sote tulimwita bibi Dani, kama anavyoitwa bibi yeyote kwetu. Mama yake Sharon alikuwa Osiri, kule kwenye machimbo ya dhahabu, akiosha mchanga wa mawe yaliyosagwa. Sharon alikuwa ameachia shule Kidato cha Pili baada ya kupata mimba. Shule ilikuwa tayari kumrudisha, lakini yeye mwenyewe hakutaka kurudi akachekwe na waliokuwa nyuma yake. Alitaka kusomea nyumbani na kuufanya mtihani kama mtahiniwa binafsi. Mtoto alikuwa wa miezi mitano, msichana, na alinyonya kama aliyeajiriwa.

Niliomba daftari, nikaligeuza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa sahihi moja: Nesi Sharon, Nesi Sharon, Nesi Sharon, kila moja na mkia wake tofauti, kama mtu anayejaribu nguo. Chini yake kulikuwa na uzito wa mtoto, mwezi hadi mwezi. Nikamuuliza kwa nini unesi. Akasema usiku aliojifungua kulikuwa na nesi aliyemshika mkono na hakumuuliza baba wa mtoto ni nani. Basi. Hiyo ndiyo sababu yote.

Tulihesabu anachohitaji. Chuo alichokitaka kilidai wastani wa C, na mojawapo ya lugha mbili, Kiingereza au Kiswahili, iwe C pia. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, nasi tukakubaliana bila kudanganyana kwamba hakingefika. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa mlango. Masomo mengine yote tulisoma, baiolojia aliipenda na hesabu tuliivumilia, lakini Kiswahili tulikijenga kama ukuta, tofali kwa tofali.

Katika Kiswahili, mimi furaha yangu ilikuwa riwaya ile ya mtihani. Nilikuwa na nakala ya Achieng, ina maelezo yake pembeni kwa penseli, nami niliijua karibu kwa moyo. Kwa miaka miwili tuliisoma mara tatu. Tuliigiza mazungumzo. Dani alikuwa akichambua mboga mlangoni akisikiliza, Sharon akimfasiria kwa Kijaluo, na alimchukia mhusika mmoja mlaghai hata akampa jina lake kuku aliyekuwa akiingia jikoni kuiba unga. Nikifika asubuhi alikuwa akiniuliza, "Yule mwizi amefanya nini leo?" nisijue ni wa kitabuni au wa jikoni.

Nilipenda kwenda pale kuliko nyumba zote. Labda nilijiona mimi mwenyewe kwenye kile kiti, Kidato cha Pili, na safari hii kuna mtu amekuja.

Likizo ya Agosti ya mwaka wake wa mtihani, nilikwenda Homa Bay mjini kumtafutia Sharon mwongozo wa riwaya hiyo. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye visikizi vya simu shingoni. Nilipomtajia jina la kitabu, alicheka kidogo, bila ubaya.

"Hiyo ilitoka kitambo, Madam. Mwaka juzi. Sasa ni hii." Akaweka mezani kitabu ambacho sijawahi kuona jalada lake.

Nikamuuliza kama ni shule zote.

"Nchi nzima, Madam. Hata tamthilia ilibadilishwa."

Ninyi mtashangaa mwalimu anawezaje kutojua jambo kama hilo. Wanafunzi wangu wote wa awali walikuwa na shule. Shule ndiyo iliyowapa vitabu, nami nilikuwa nyongeza ya likizo. Walikuja na vitabu vyao na mimi nikafuata. Sharon alikuwa wa kwanza ambaye shule yake ilikuwa mimi. Aliachia kabla darasa lake halijafika kwenye vitabu vya fasihi, hakuwa na mwenzake wa kumuuliza, na alipojiandikisha alipewa namba na tarehe tu. Nilimfundisha kutoka kwenye sanduku la marehemu mama. Sanduku halina habari za mjini.

Nilinunua vitabu vyote viwili, nikaketi kwenye ukuta wa stendi, nikafungua ukurasa wa kwanza wa ile riwaya mpya. Nilisoma sentensi moja mara nyingi bila kuielewa.

Hapa ndipo nilipoyaacha maneno ya Mama Zuhura. Sikumwambia Sharon. Nilijipa sababu nzuri: nikimwambia leo atavunjika moyo, ngoja niisome kwanza, niielewe, kisha niiingize polepole kama kitabu cha nyongeza. Kwa siku nane nilikwenda Ndhiwa nikafundisha riwaya iliyokufa. Dani aliniuliza habari za mwizi, nikamjibu. Nikirudi nyumbani nilisoma ile mpya, naandika maelezo kwenye daftari langu la kazi, kurasa za nyuma, ambako hakuna mtu angeangalia.

Siku ya tisa mtoto alijichafua, nikamwambia Sharon aendelee na zoezi la hesabu, mimi nikamtoa mtoto uani nimwoshe. Nilirudi nikiwa nimembeba begani, ananukia sabuni. Daftari langu lilikuwa wazi mbele ya Sharon. Alikuwa akitafuta karatasi ya kuchorea grafu. Na alikuwa amelifungua kutoka nyuma, kama nilivyomfundisha.

Nilikuwa nimeandika juu kabisa ya ukurasa: Riwaya mpya. Usimwambie S. bado.

"Madam," alisema, "S. ni mimi?"

Nikasema ni yeye. Nikatoa vitabu mkobani, nikaviweka mezani, nikamweleza yote, nimesimama, mtoto bado begani. Hakulia. Alichukua kile kipya, akakipima mkononi kama anayepima unene wake, akatazama ukutani kwenye kalenda. Zilikuwa zimebaki wiki kumi. Siku nane zilizokuwa zimepita zilikuwa pale kwenye kalenda, zimekatwa kwa kalamu yake mwenyewe.

"Wewe ulipoufanya mtihani huu, mlisoma riwaya gani?"

Angeweza kuuliza kitu kingine chochote na ningepata njia. "Sikuufanya," nikasema. "Niliachia Kidato cha Pili."

Ndipo nikajua kwamba miaka miwili aliniona kama mtu aliyeuvuka mto akarudi kumvusha, na sasa ananikuta nimesimama naye ukingo uleule.

"Hata mimi," akasema.

Dani alikuwa mlangoni na sufuria lake. Hakujua Kiswahili kingi, lakini nyuso alijua kuzisoma. Sharon alimweleza kwa Kijaluo kwa sentensi mbili. Bibi yule alinitazama tangu viatu hadi kitambaa cha kichwani, akasema neno moja, lile la sokoni, bila kicheko safari hii: "Japuonjre." Akarudi jikoni.

Nilidhani nimefukuzwa, kama nilivyodhani siku ile ya vyombo. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Sharon akasema, "Madam, kaa. Leo nasoma mimi, wewe shika mtoto."

Akasoma kwa sauti. Tangu siku hiyo alinisomea na kunieleza, nami nikamuuliza kama nilivyokuwa nikimuuliza Okoth, kwa sababu katika kitabu kile sikuwa mbele yake hata kwa hatua mbili. Alifundisha vizuri. Lakini riwaya ya mtihani haisomwi kwa wiki kumi pamoja na tamthilia mpya na masomo mengine sita na mtoto anayeota magego. Sehemu ya mwisho tuliipitia mbio. Dani hakuuliza hata siku moja jina la mtu yeyote wa kitabu kile kipya. Kuku aliendelea kuitwa jina la zamani.

Wakati wa mtihani nilikaa nje ya lango la kituo na mtoto, ambaye alikuwa bado hajakubali kuachishwa ziwa, ili Sharon atoke kumnyonyesha kati ya karatasi na karatasi. Siku ya fasihi alitoka, akampokea mtoto, akafungua vifungo vya blauzi. Akasema wakati mtoto ananyonya, bila kunitazama, "Swali la lazima lilitoka mwisho wa kitabu."

Nikamuuliza aliandika nini.

"Niliandika niliyoyajua."

Matokeo yalikuja kwa simu. Wastani ulikuwa C. Dani alipiga kigelegele, majirani wakaja, na mimi nikausoma ujumbe hadi chini kabla ya kumpa Sharon simu. Kiingereza kama tulivyotarajia. Baiolojia B. Kiswahili C-. Alama ile ndogo ya kutoa, kistari kimoja kama kijiti cha kiberiti. Kigelegele kilikuwa bado kinaendelea.

Siwezi kuapa kwamba ni zile siku nane. Huenda angekosa hata hivyo. Nimelipima jambo hili kwa miaka, kila upande, na kila mara naishia kwenye ukurasa uleule. Siku nane zilikuwa zinatosha kusoma sehemu ya mwisho.

Alisema angerudia mtihani. Lakini mwaka huo mama yake alianza kutetemeka mikono akashindwa kufanya kazi, Sharon akaenda Osiri kushika nafasi yake. Nilimfuata huko baadaye, kuomba msamaha vizuri, maana nilikuwa sijaomba. Alikuwa amesimama kwenye maji ya kijivu, karai mkononi, glovu za mpira zikimfika kwenye viwiko. Wanawake wote waliomzunguka walikuwa na glovu. Nilijua alikojifunza kwamba zebaki wanayokamatia dhahabu ni sumu inayopenya ngozi: kemia, sura ambayo tuliisoma mimi na yeye tukicheka kwamba kuna metali inayomwagika kama maji. Nilianza maneno yangu niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Akanikatiza.

"Madam, usikanyage hapo, hayo maji ni mabaya. Njoo upande huu." Akanionyesha jiwe la kukalia. Tukazungumza habari za mtoto, ambaye alikuwa ameanza chekechea na alikuwa anaandika herufi ya S kinyume. Msamaha sikuuomba siku hiyo wala siku nyingine.

Niliendelea na kazi. Kwenye kila nyumba mpya nilianza kusema siku ya kwanza, mbele ya mzazi na mtoto pamoja, kwamba mimi niliachia Kidato cha Pili na kwamba nitakuwa najifunza na mwanafunzi. Baadhi walinishukuru wakasema watanipigia simu. Mama mmoja wa Homa Bay alikuwa ameshaniletea chai, akainama akaichukua tena, kikombe na kisahani, akasema ngoja aiongeze sukari. Bado naingoja. Waliobaki walibaki wakijua. Nanyi mnaoanza, mna vyeti ambavyo mimi sina, lakini kuna siku utaulizwa jambo usilolijua na mtoto akikutazama usoni. Sema hapohapo. Usiseme kesho, na usiseme baada ya kulisoma kwanza. Kila siku unayojipa wewe unaitoa kwenye kalenda yake.

Januari ya kwanza baada ya kwenda kwangu Osiri, simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Sharon. Alikuwa amepita kwenye duka la vitabu Migori, ameuliza, na anataka nijue: riwaya ni ileile, tamthilia ni ileile, hakuna kilichobadilika. Hakuongeza salamu. Januari iliyofuata ukaja tena. Mwaka ambao vitabu vilibadilishwa kweli, nilijua kutoka kwake kabla sijafika dukani, na watoto wawili niliokuwa nao walianza muhula wakiwa na vitabu sahihi. Sijawahi kumuuliza kama anafanya hivyo kwa wema au kwa hasira. Sidhani anadaiwa jibu.

Mwaka huu ujumbe umekuja kama kawaida. Okoth na Achieng walikuwa wamenitembelea, wao na vyeti vyao vya ukutani na watoto wao wanaosoma mtaala mpya wa gredi, wananicheka kwamba dunia imebadilika, vidato vyenyewe vinaisha na sanduku langu la bati limekuwa la makumbusho. Nikatoka nje kuusoma.

"Madam, nimeuliza. Riwaya bado ni ile. Wanasema vidato vikiisha na hii itatoka. Nitakuambia."

Sina mwanafunzi tena. Sharon hajui kwamba nimeacha kazi. Sijamwambia, na ninajua hilo linafanana na nini. Nililitoa daftari langu la zamani, nikaligeuza, nikaandika jina la riwaya kwenye ukurasa wa nyuma, chini ya majina ya miaka yote iliyotangulia, kwa mwandiko ambao sasa mimi mwenyewe siusomi vizuri. Kisha nikamwandikia kwamba nimeacha kufundisha tangu mwaka jana, asijisumbue tena. Nikaiweka simu chini, nikaichukua, nikaongeza maneno mawili ambayo ningepaswa kumwambia siku ile mtoto akiwa begani:

Asante, japuonj.